Kupakua kunapokataa ndani ya mashine pepe: yaliyonikuta Lubumbashi

Jumapili iliyopita nilikuwa mezani, bukari na samaki mbele yangu, simu ikalia. Ujumbe wa binti mmoja wa Katuba, mwanafunzi wa informatiki, ambaye husoma ninayoandika hapa. Aliandika hivi, akiniita yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa huku kwetu: "Yaya, nisaidie. Leo usiku wa tatu napakua Ubuntu ndani ya VirtualBox na kila mara inakatika. Forfe tatu za intaneti zimekwisha. Ni mtandao wa huku kwetu ama ni mimi?"

Kwa asiyejua: VirtualBox ni programu inayotengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, na Ubuntu ni mfumo endeshi wa aina ya Linux. Nikasogeza sahani pembeni. Hilo "ama ni mimi" nalifahamu. Nimelala nalo wiki tatu nzima, na mwisho wake nikakosa kazi niliyokuwa nimeitamani kuliko kitu chochote. Nimejibu swali lake, nitafika huko, lakini kwanza niruhusuni nisimulie yangu, maana najua wengi wenu mko njia hiyohiyo: mnataka kujua seva, zile kompyuta zinazohudumia nyingine, mnataka siku moja kompyuta ya kampuni ikilala mpigiwe simu ninyi.

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua mtumba, katika zile zinazoingia kutoka Dubai. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, tukaona saa ya kwenye kona imetangulia masaa mawili. Akabofya pale, akairudisha kwenye saa yetu, akasema tayari. Nilimshukuru na kumlipa. Kumbukeni hapo, kwa sababu hasara yangu yote ilianzia pale dukani, kwenye kale kabofyo.

Miezi michache baadaye kampuni moja ya hapa mjini ikanipa nafasi ya kujaribiwa. Nijenge seva ndogo ndani ya mashine pepe, niweke programu yao ya stoo, kisha nije niwaonyeshe baada ya wiki tatu. Nikaweka VirtualBox juu ya Windows, ndani yake nikaweka Ubuntu ya seva, ile isiyo na madirisha wala picha, skrini nyeusi na maandishi tu. Ikaingia vizuri. Nikaandika sudo apt update ili ivute orodha za programu. Ikakataa.

Kingekuwa kitu cha kukataa moja kwa moja, pengine ningelijua mapema. Lakini ilikuwa inakataa leo, kesho alfajiri inakubali, mchana inakataa tena. Kitu kinachokubali na kukataa namna hiyo, kichwa cha mtu wa Lubumbashi kinakimbilia wapi? Kwenye mtandao. Nikabadilisha laini. Nikaazima modemu ya mjomba, nikaitundika dirishani kwa kamba ya kiatu ili ishike vizuri. Nikanunua forfe za usiku, nikawa naamka saa saba watu wote wamelala, naomba Mungu umeme usikatike. Nikatoa mashine kwenye hali ya NAT, ambapo inapita mtandaoni kwa mgongo wa laptopu, nikaipeleka kwenye daraja, ambapo inaonekana mtandaoni kama kompyuta inayojitegemea, nikairudisha kwenye NAT. Nikaifuta yote na kuijenga upya mara nne. Mara nne! Kila ujenzi ni megabaiti, na kila megabaiti ni pesa niliyoikopa kwa mama.

Siku ya kuonyesha ikafika. Walikuwa watu watatu mezani, mmoja ndiye mkubwa wao. Nilijua orodha zangu za programu ni za siku mbili nyuma, nikasema nizivute upya mbele yao, kwa kuwa mtandao wa ofisi yao ulikuwa wa waya, wa haraka. Nikaandika amri ileile. Ikaleta mstari unaoanza na E, alama ya kosa, kisha mwingine, kisha mwingine. Yule mkubwa akasoma skrini kidogo, akaniambia taratibu: "Kijana, mtandao wetu ni mzuri. Sasa shida iko kwa nani?" Hakungoja jibu. Walinishukuru, nikakusanya waya zangu. Hawakupiga simu tena.

Leo nahudumia seva za wateja wanne hapa mjini, na hakuna hata mmoja anayeniuliza shida iko kwa nani. Lakini lile neno bado linanichoma, siwezi kudanganya.

Shida niliiona jioni ya siku ileile. Nilikuwa nimepiga picha ya skrini kwa simu ili nimtumie rafiki yangu aliye Kolwezi. Mdogo wangu wa kike, ambaye hana habari na Linux, akaichukua simu kutazama. Simu yangu huandika saa chini ya picha: 22:14. Na ndani ya picha, kwenye mistari ya seva, kulikuwa na saa pia: 20:14. Akaniuliza, "Yaya, kule ndani bado ni saa mbili?"

Nikaandika date. Kweli, masaa mawili nyuma, ingawa ndani ya Ubuntu nilikuwa nimeweka majira ya Lubumbashi.

Sasa nieleze, maana hapa ndipo penye somo. Nchi yetu ina majira mawili ya saa. Kinshasa wako saa moja mbele ya saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC, na sisi wa Lubumbashi tuko masaa mawili mbele yake. Dubai wako manne. Yule muuzaji alisogeza saa lakini hakubadilisha mahali. Laptopu ikabaki inaamini iko Dubai, ila inaonyesha saa ya Lubumbashi. Kwa hiyo ilipohesabu saa ya dunia ilitoa manne badala ya mawili, ikawa nyuma kwa masaa mawili kamili. Kwenye Windows sikuona kitu, kwa sababu kona inaonyesha saa ninayoijua. Lakini mashine pepe haiangalii kona. Mgeni, yaani mashine pepe, huchukua saa ya dunia kwa mwenyeji, yaani laptopu yenyewe, na zile programu za nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya mgeni zinaendelea kumvuta afuate saa ya mwenyeji hata akijaribu kujirekebisha.

Na orodha za programu za Ubuntu hutiwa sahihi pamoja na tarehe na saa. Apt, ile programu inayovuta orodha, ikiletewa orodha ambayo, kwa saa yake yeye, bado haijaandikwa, inaikataa, na inafanya vyema kukataa, huo ni ulinzi. Orodha hizo hufanywa upya mara nyingi. Ikiwa ya mwisho ilitoka zaidi ya masaa mawili yaliyopita, mashine yangu iliipokea. Ikiwa imetoka saa moja iliyopita, inakataa. Ndiyo maana alfajiri moja inakubali na mchana inakataa. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Hata ile kamba ya kiatu dirishani haikuwa na kazi.

Linaloniuma zaidi ni hili: ujumbe wa kosa ulikuwa unaniambia. Uliandika "is not valid yet", yaani bado haijaanza kuwa halali, na mbele yake ukataja hata saa na dakika zilizobaki. Wiki tatu niliuona mstari huo na sikuusoma. Niliona E, nikafunga dirisha, nikanunua forfe.

Ndugu zangu, tusome. Kiingereza cha kompyuta ni kigumu, Kifaransa tumefundishwa darasani na hiki hatukufundishwa vizuri, sawa. Lakini maneno ni yaleyale kila siku, hayazidi ishirini. Yaandike kwenye daftari. Yanakili kwenye simu uyatafsiri. Kabla hujagusa mpangilio hata mmoja, soma mstari wa kwanza wa kosa mpaka mwisho wake. Nasema wa kwanza, kwa sababu wa mwisho mara nyingi unarudia tu kwamba imeshindikana. Nawaambia haya kwa uchungu, si kwa kujivuna.

Kurekebisha saa kulinichukua dakika tano. Kwenye Windows usitafute Lubumbashi katika orodha ya majira, haimo. Chagua mstari ulioandikwa Harare, Pretoria, ndio wa kwetu. Kisha washa saa ijirekebishe yenyewe kupitia intaneti. Ndani ya Ubuntu jiji letu limo kwa jina lake: sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi. Andika date, weka simu kando ya skrini, linganisha. Siku hizi nikikuta mashine ya mtu, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachofanya, kabla hata ya kuuliza tatizo.

Makosa mengine nitayapitia haraka. Ukiona "Temporary failure resolving", jina la seva halitafsiriki, hiyo ni DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa anwani za namba. Katika hali ya NAT mgeni wa VirtualBox kwa kawaida hupewa anwani 10.0.2.15, lango lake ni 10.0.2.2 na DNS ni 10.0.2.3. Ukitoka kwenye modemu ukaingia waifai huku mashine inaendelea kufanya kazi, yaweza kubaki inauliza mtandao wa zamani. Izime uiwashe, na ikiendelea, izime tena na kwenye kompyuta mwenyeji mwambie VBoxManage modifyvm, jina la mashine, kisha --natdnshostresolver1 on. Ukiona "Hash Sum mismatch", orodha uliyovuta imeharibika au imechanganyika: futa yaliyomo katika /var/lib/apt/lists na uvute upya. Na kama huna sababu ya daraja, baki kwenye NAT. Daraja juu ya waifai au modemu limewasumbua watu wengi ninaowajua.

Kisha nafasi. Diski ya mashine pepe inayokua kidogo kidogo inaweza kumwambia mgeni kwamba ana gigabaiti 25, wakati diski halisi ya laptopu imebakiza 3. Mgeni haoni. Ikijaa, VirtualBox inaisimamisha mashine katikati ya kupakua. Angalia df -h ndani, halafu angalia nafasi nje pia.

Turudi kwa binti wa Katuba. Sikumwambia abadilishe laini. Nilimuuliza swali moja tu: inakatikia wapi? Akajibu baada ya dakika kumi, alikuwa amekwenda kutazama: "Palepale, yaya. Gigabaiti nne, mara zote tatu."

Hapo nilijua si mtandao. Mtandao mbovu hukatika popote, leo kwenye megabaiti 200, kesho kwenye gigabaiti mbili na nusu. Kitu kinachokatikia palepale mara tatu kimegonga ukuta. Nikamuuliza faili analihifadhi wapi. Diski ya laptopu yake imejaa, kwa hiyo alikuwa ameunganisha folda ya pamoja ya VirtualBox na ufunguo wa USB, yaani flashi, ili mgeni aandike moja kwa moja humo. Na ufunguo ule ulikuwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, kama zilivyo nyingi tunazonunua. FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Kikomo chake ni baiti 4,294,967,295, hata kama ufunguo wenyewe ni wa gigabaiti 64. Ubuntu ya mezani ya 24.04 inapita gigabaiti 5. Angenunua forfe mia, faili lile lisingeingia.

Akaniandikia, "Kwa hiyo gigabaiti zangu nne zimepotea?" Niliona kabisa kwamba ameshaanza kulia, kwa sababu binti huyu hulipia forfe zake kwa kusuka nywele.

Hazikupotea. Hii ndiyo habari niliyofurahi kumpa kuliko zote. Kipande kilichokwisha kushuka ni kizima, kimekosa tu mahali pa kuendelea. Nilimwambia aazime diski ya nje kwa mwenzake, yenye exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, ahamishie faili lile humo, aelekeze folda ya pamoja kwenye diski hiyo, kisha ndani ya mgeni aingie kwenye folda na aandike wget -c na anwani ileile ya mwanzo. Hiyo -c inamwambia wget atazame kilichopo na aendelee kuanzia hapo. Akavuta kile kipande kilichobaki tu. Na nikamsisitizia asikiwashe kitu chochote kabla ya kupakua faili dogo la SHA256SUMS, lenye namba za kuhakiki kwamba faili ni zima, kutoka palepale Ubuntu, aliweke kando ya lile kubwa, aandike sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing. Faili lililoungwa vipande viwili lazima lipimwe.

Usiku, saa tano kasoro, akanitumia picha ya skrini yake. Mstari mmoja mweupe kwenye weusi: jina refu la faili, nukta mbili, OK. Chini ya picha simu yake ilikuwa imeandika saa, 22:51. Nikalinganisha na ile ya ndani ya terminali. 22:51.