Kamera za filamu za mtumba: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu walioshika kamera ya filamu iliyokwishatumika, wengine bado wako kwa muuzaji, wengine tayari wamelia na roli ya kwanza. Nimejibu yale yanayorudi mara kwa mara.

Nataka kununua kamera yangu ya kwanza. Nimeonyeshwa Pentax K1000 na Canon AE-1, bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

Zote mbili zilianza kuuzwa mwaka 1976 na zote hutumia filamu ya milimita 35, ila zinavyofanya kazi hazifanani. Shata ya K1000, yaani pazia linalofunguka na kufunga kuipa filamu mwanga, inaendeshwa na springi na gia. Betri ikiisha, kinachonyamaza ni sindano ya kipima mwanga tu. Kasi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, zinabaki kama zilivyo. Shata ya AE-1 inaongozwa na umeme, na bila betri yake ya volti 6 hupati hata picha moja.

Kwa anayejifunza, mimi ningechukua K1000. Lakini AE-1 iliyotunzwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko K1000 iliyoanguka, kwa hiyo usinunue jina. Kwenye AE-1 sikiliza unapobonyeza: ukisikia mlio kama wa bawaba kavu, ujue gia za kutuliza kioo cha ndani kinachoruka unapopiga zimekauka mafuta na fundi anahitajika. K1000 nayo haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Funika lenzi kila unapoiweka, la sivyo betri itaisha ikiwa kabatini.

Muuzaji ananipa dakika tano tu za kuikagua. Nianzie wapi?

Dakika tano zinatosha ukijua pa kutazama. Fungua mgongo wa kamera kwanza. Pembeni mwa mlango na kwenye mifereji yake kuna sponji nyembamba nyeusi ya kuzuia mwanga. Iguse kwa ncha ya kidole: ikinata kama lami au ikipukutika, imeoza. Hilo si kosa la kukufanya uiache kamera, maana sponji hubadilishwa kwa bei ndogo, ila likupe nafasi ya kujadili bei.

Sasa vuta mkono wa kusogeza filamu, weka kasi ya sekunde 1, bonyeza, uhesabu. Kasi za polepole ndizo huugua kwanza, kwa sababu mafuta ya ndani yakiganda gia zinasita. Shata ikikwama katikati au ikikaa wazi sekunde mbili, kamera inahitaji kufunguliwa na kusafishwa, na gharama hiyo uiongeze kwenye bei kabla hujakubali. Kisha toa lenzi, elekeza kamera kwenye mwanga, ubonyeze kwa 1/1000 huku ukichungulia kutoka nyuma. Unatakiwa kuona mwanga umemulika fremu yote kwa usawa. Upande mmoja ukibaki giza, mapazia ya shata hayaendi kwa mwendo mmoja. Kama pazia ni la kitambaa, litazame kwa karibu likiwa mbele ya taa, maana tundu dogo kama la sindano litaacha nukta katika kila picha. Usilitie kidole kamwe, la kitambaa wala la chuma.

Dakika inayobaki ipe lenzi. Irudishe kwenye kamera, weka tundu la kupitisha mwanga liwe dogo kabisa, f/16 au f/22, halafu bonyeza shata ukitazama kwa mbele. Vile vipande vyembamba vya chuma vinavyofunga tundu lazima viruke papo hapo. Vikijivuta vina mafuta, na picha zako zitapata mwanga kupita kiasi hata kama kipima mwanga kimesema kweli.

Ndani ya lenzi naona kitu kama utando wa buibui. Itaharibu picha?

Hiyo ni kuvu. Ikiwa kidogo na pembeni, huenda usiione kabisa kwenye picha, ila ukipiga kuelekea jua rangi zitafifia. Ikiachwa muda mrefu huila lile tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo cha lenzi, na hapo hata fundi akiisafisha alama inabaki. Mimi lenzi yenye kuvu siinunui, labda iwe ya bure. Zilizo nzima ziweke pakavu, penye hewa na mwanga. Mkoba wa ngozi uliofungwa ndio mahali pabaya kuliko pote, hata kama ndio uliokuja na kamera.

Kamera aliyonipa baba inataka betri ya PX625. Nimeambiwa haiuzwi tena, nikaweka ya volti 1.5 inayolingana umbo. Sindano inacheza vizuri lakini picha zinatoka giza. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye betri, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu watu wengi huishia kuitupa kamera nzima.

PX625 ilikuwa ya zebaki. Zebaki ni sumu, ndiyo maana betri hizo zilipigwa marufuku katika nchi nyingi. Sifa yake kubwa ilikuwa kutoa volti 1.35 bila kuyumba mpaka siku inapokufa, na watengenezaji wengi wakapima sindano zao kwa volti hiyo. Ukiweka betri ya alkali ya volti 1.5, sindano inasukumwa kupita kiasi. Inadhani mwanga ni mwingi, inakuambia ufunge tundu, na filamu inakosa mwanga. Mimi nilipoteza roli nzima ya sherehe ya familia kwa kosa hili hili. Negatifu, yaani filamu iliyokwishasafishwa, zilitoka hafifu kiasi kwamba nyuso za wazee wangu hazikuweza kuchapishwa, na siku ile haikurudi.

Utashauriwa udanganye namba ya ISO, ile inayoiambia kamera filamu inahisi mwanga kiasi gani, ili kufidia. Mimi sikushauri. Betri ya alkali hushuka volti polepole kadiri inavyotumika, kwa hiyo kosa la leo silo la mwezi ujao. Njia nzuri ni mbili. Ya kwanza ni betri ndogo ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, inayotumia zinki na hewa. Inatoa takriban volti 1.4, karibu kabisa na ile ya zamani. Ni nyembamba zaidi, hivyo izungushie kipete cha mpira isichezecheze. Ukishabandua karatasi yake hewa inaingia na inaanza kuisha hata kama hupigi picha, basi nunua kadhaa. Njia ya pili ni adapta yenye diodi ndani, ambayo hushusha volti za betri ya oksidi ya madini ya fedha, SR44. Inagharimu zaidi lakini unanunua mara moja.

Kumbuka si kamera zote zina tatizo hili. Pentax Spotmatic, iliyotoka 1964, ina saketi isiyojali sana tofauti ndogo ya volti. Na kabla ya yote, chungulia chumba cha betri: ukiona unga wa kijani au mweupe, usafishe kwa pamba yenye siki kidogo, kisha ukaushe vizuri.

Shikamoo. Nimepata kipima mwanga cha Weston kisichotumia betri. Nitajuaje kama kinasema kweli?

Marahaba. Kipima hicho kina seli ya seleniamu, ambayo hutengeneza umeme wenyewe inapopata mwanga. Zipo zilizodumu miaka mingi na zipo zilizokufa, huwezi kujua kwa kutazama.

Toka nje saa jua ni kali na vivuli vina kingo kali. Kwa filamu ya ISO 100, jibu sahihi ni takriban 1/125 kwa f/16. Ndiyo kanuni ya zamani: kwenye jua kamili, f/16 na kasi inayokaribia namba ya ISO. Kisha hamia kivulini, halafu ndani ya nyumba, ukilinganisha kila mara na kamera ya dijitali au programu ya simu. Usiishie juani, kwani seli iliyochoka inaweza kusoma vizuri pale na kudanganya kwenye mwanga hafifu. Ikikosea kwa kiasi kilekile kila mahali, inatumika, unafidia tu. Ikikosea kwa viwango tofauti, iweke rafuni kama pambo. Angalia pia namba zake: Weston nyingi zilizotangulia Master III zina kipimo chao cha filamu, ambapo 80 ni sawa na 100 ya ISO.

Ukishaiamini, jifunze inachofikiri. Kipima kinachosoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hudhani kila kitu ni kijivu cha kati. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe, ukifuata kilichosema ukuta utatoka kijivu. Ukikielekeza kwenye uso wenye ngozi nyeusi sana kitakwambia uongeze mwanga, na ngozi itapauka, ipoteze uzuri wake. Ndiyo maana kwa picha za watu mimi husimama alipo mtu, nikaweka kifuniko cheupe chenye umbo la koni juu ya seli na kuielekeza kwenye kamera. Hapo inapima mwanga unaomwangukia, na ngozi ya kila mtu inatoka ilivyo.

Naweza kutumia flashi ya zamani?

Kwenye kamera ya filamu isiyo na umeme ndani, ndiyo. Kwenye ya dijitali, pima kwanza kwa kipima volti (multimita) flashi ikiwa imechaji, maana baadhi za zamani hutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu wake na huunguza saketi. Chomeka waya wa flashi kwenye tundu la kamera lenye alama X, si M, ambalo ni la balbu za zamani za kuungua mara moja. Na usipite kasi ya flashi, yaani kasi ya juu kabisa ya shata inayofanya kazi na flashi: kwa mapazia mengi ya kitambaa ni 1/60, kwa Nikon FM ni 1/125. Ukipita, nusu ya picha inakuwa nyeusi.

Nimepewa roli tatu zilizopitwa na muda. Nizitumie kuijaribu kamera?

Hapana. Picha zikiharibika hutajua kama kosa ni la filamu au la kamera. Kwa jaribio weka roli mpya, na ukishaipakia tazama kitufe cha kurudishia filamu: kisipozunguka unapovuta mkono, filamu haijashika. Andika kasi na tundu la kila picha kwenye daftari, na piga kitu kimoja kwa kasi tofauti huku ukibadili tundu ili mwanga ubaki uleule. Negatifu zikitoka na weusi wa kiwango kimoja, shata ni nzima. Zile roli za zamani zipige baadaye, ukiongeza hatua moja ya mwanga, yaani mwanga mara mbili, kwa kila miaka kumi iliyopita.