Injinia wa strakcha, mpigie mtu wa udongo kabla hajaanza kuchoronga

Mimi ni injinia wa strakcha, yaani napiga hesabu za nguzo, mihimili na misingi ya jengo, na miaka yangu ya mwanzo ripoti ya udongo nilikuwa naisoma ukurasa mmoja tu, ule wenye namba. Uwezo salama wa udongo, yaani mkandamizo unaoweza kubeba bila wasiwasi, kPa 150 (kilopaskali), basi, nafunga faili narudi kwenye nguzo zangu. Kurasa zingine arobaini nilikuwa naona za kujazia tu.

Jengo lililonitia adabu lilikuwa la ghorofa sita, rafti ya mita 20 kwa 30, yaani bamba moja la zege kama msingi wa jengo zima, chini mfinyanzi. Programu ikataka springi za chini ya rafti, yaani udongo unasukuma juu kiasi gani ukikandamizwa, na ripoti haikuwa nazo. Sasa kuna ile kanuni ya mkato tunayorithishana ofisini: chukua uwezo salama, zidisha kwa 40, zidisha tena kwa kigezo cha usalama 3, ile namba iliyotumika kugawa uwezo wa mwisho ili kupata ule salama. Nikapata kilonyutoni (kN) 18,000 kwa mita ya ujazo. Jengo lilikuwa linakandamiza kama kPa 90 hivi, gawa hapo, linadidimia milimita 5. Kila mahali 5, rafti haipindi, nondo kiduchu, nikajiona mtaalamu kwelikweli.

Siku moja mvua ikatubana kwenye kibanda cha saiti mimi na jamaa aliyefanya uchunguzi wa udongo, alikuja kwa shughuli zake nyingine kabisa. Akaniuliza kama mtu anayepiga stori tu, mkuu hilo jengo lako linashuka ngapi? Nikamwambia mm 5. Akakaa kimya, halafu akaomba kalamu. Nyuma ya risiti ya saruji akaandika katikati mm 60, kwenye kona 30, na hiyo sio siku ya kwanza, ni kwa miaka, maana maji yanakamuka kwenye mfinyanzi taratibu sana. 90 gawa kwa mita 0.06 unapata 1,500. Springi zangu zilikuwa ngumu mara 12 kuliko udongo wenyewe!

Ile kanuni imejengwa kwenye dhana kwamba udongo ukifika mwisho wa uwezo wake unakuwa umeshuka mm 25 hivi. Kwa kimsingi kidogo cha nguzo moja unaweza kuivumilia, ila kwa rafti pana kwenye mfinyanzi ni hadithi. Springi sio tabia ya udongo peke yake, inabadilika na upana wa msingi, Terzaghi, mwasisi wa sayansi ya udongo wa ujenzi, aliliandika hilo tangu 1955 na sisi bado tunaomba "namba ya springi" kama vile inachotwa kwenye ndoo. Na kibaya zaidi ukiweka springi zinazofanana chini ya mzigo uliosambaa sawasawa, zote zinashuka pamoja, programu haikuonyeshi hata chembe ya kupinda, wakati udongo halisi unazama katikati kama sahani. Nondo zangu zilikuwa kiduchu kwa sababu hiyo tu.

Afu akaniambia jambo lililoniuma zaidi. Hata hiyo 60 alikuwa anakisia, kwa sababu mashimo yake yaliishia mita 8. Kwa nini mita 8? Kwa sababu barua yetu ya maombi, niliyoiandika mimi mwenyewe, ilisema "jengo la ghorofa sita" na nukta. Yeye akadhani ni misingi ya nguzo ya mita 2 kwa 2, ambayo ukishuka mita 4 mzigo umebaki kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo 8 zilimtosha kabisa. Ila chini ya rafti ya mita 20 ukifika mita 8 zaidi ya robo tatu ya mzigo bado ipo. Mtambo wa kuchoronga ukarudi, tukachoronga hadi 35, na mteja akalipa mara mbili kwa sababu ya sentensi moja niliyoshindwa kuandika.

Kwa hiyo siku hizi kabla mtambo haujafika natuma mchoro wa jengo, mizigo ya nguzo hata kama ni ya kukadiria, kina cha kuchimba, na aina ya msingi ninayoifikiria. Pia namwambia jengo langu linavumilia nini. Kwa nguzo zilizoachana mita 6, tofauti ya mm 20 kati ya moja na jirani yake ni 1 kwa 300, hapo kuta zinaanza kupasuka, mimi nataka tubaki 1 kwa 500, yaani mm 12. Hilo yeye hawezi kulibuni. Na naandika wazi mizigo yangu ni ya matumizi, yaani ile halisi ya kila siku, au nimeshaipandisha kwa vigezo vya usalama, maana nimeshaona mtu anaweka mizigo iliyopandishwa juu ya uwezo ambao tayari umegawanywa kwa 3, misingi ikatoka mikubwa kama ukumbi.

Tulivyolimaliza lile jengo: mimi namtumia mikandamizo ya chini ya rafti, yeye ananirudishia mshuko kila eneo, natengeneza springi mpya, pembeni ngumu katikati laini, narudia. Mzunguko wa tatu namba zikaacha kucheza. Yeye ndo akatoa wazo la kushusha maegesho chini ya ardhi, ukichimba mita 3 umeondoa kama kPa 54 za udongo, na hata ukihesabu kuta mpya mzigo ulioongezeka ulishuka karibu nusu. Likaja na shida yake bila shaka, maji ya ardhini yanataka kuinua boksi la maegesho likiwa bado jepesi, ikabidi tukubaliane ujenzi ukifika ghorofa ya ngapi ndo pampu za kuondoa maji zizimwe. Tukaiandika kwenye mchoro wangu, sio kwenye ripoti yake, kwa sababu fundi wa saiti ripoti haisomi.

Na shimo likishafunguliwa namuita aje mwenyewe. Picha za simu hazitoshi. Nilizoea kumtumia picha, mpaka siku alipofika akakanyaga kona moja kwa kisigino, kiatu kikazama, kumbe pale palikuwa na shimo la taka la zamani na kwenye picha palionekana sawa na kwingine kote.