Bibi Mwalimu anajibu: wazee darasani

Tangu niseme kwamba kila Jumanne na Alhamisi naenda shule moja hapa Tanga kusikiliza watoto wa darasa la pili na la tatu wakisoma, simu yangu haitulii. Haya machache.

*Mwalimu, nimestaafu reli, nina miaka 66, niliishia darasa la saba. Nitamfundisha nini mtoto wa leo? (Mzee, Ngamiani)*

Kaka yangu, hufundishi. Mwalimu yupo. Asichokuwa nacho ni dakika kumi za kumsikiliza mtoto mmoja, na wengine sabini wanamsubiri. Muhula uliopita kijana mmoja alinisomea ukurasa mzima bila kukwama. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha mstari wa katikati: kimya. Kumbe ameuhifadhi kama kasida! Tukarudi kwenye herufi. Kwenye "ng'ombe" akawa anasoma kama mtu anayeanza kutamka "ngoma"; kile kikato cha juu alidhani ni doa la wino. Ilituchukua wiki tatu, kwa kidole na kitabu kilekile. Huko Marekani mpango wa Experience Corps, ulioanza 1995, huchukua watu wa miaka 50 na kuendelea wakawasaidie watoto wadogo kusoma. Hupewa mafunzo kwanza; cheti cha ualimu hawadaiwi.

*Shikamoo Bibi. Mama yangu anataka kwenda, ila anaona haya. Aanzie wapi? (Binti, Chumbageni)*

Marahaba, mwanangu. Asiende kimyakimya. Apite kwa mwenyekiti wa mtaa apate barua ya utambulisho, kisha kwa mwalimu mkuu, naye alifikishe ombi lake kwa kamati ya shule. Akikubaliwa, akae na mtoto barazani au chini ya mwembe, mahali kila apitaye anawaona. Asimwite mtoto nyumbani kwake. Wapo wazee wenzangu wanaoona masharti haya ni kuzivunjia heshima mvi zao. Mimi nasema yananilinda na mimi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na haikusema isipokuwa mbele ya bibi.

*Kuna posho? (Fundi mstaafu, Pongwe)*

Hakuna. Kikombe cha uji saa nne, ukibahatika. Marekani wana mpango wa mababu na mabibi tangu 1965, na wenye kipato kidogo hupewa kitu. Sisi bado.

*Mtoto ninayemsikiliza kaanza kuniomba hela ya daftari. Nimpe? (Mama, Mikanjuni)*

Mkononi, hapana. Najua shida ipo. Elimu bila ada ya 2016 iliondoa ada, daftari na sare zikabaki kwa mzazi. Lakini nilimpa mmoja shilingi mia tano, kesho yake wakanijia watano wamejipanga, "Bibi, na mimi", na kitabu hakuna aliyekileta. Siku hizi nikijaliwa nanunua madaftari nusu dazeni, namkabidhi mwalimu wa darasa. Yeye ndiye anayejua nani hana, na mtoto hajui yametoka wapi.

*Macho yangu yameanza kiwingu. Nitafaa kweli? (Babu, Raskazone)*

Kapimwe macho kwanza, usingoje. Ila mwenye kusoma ni mtoto, babu. Akiruka neno utasikia tu.