Umepangiwa famasi? Achana na hilo duka la shemeji

Dogo, acha. Umeuliza mambo manne: kemia ikoje, ukae hosteli au upange, laptop ni lazima mwaka wa kwanza, na kama kuuza kwenye duka la dawa la shemeji yako jioni "nipate uzoefu na nauli" ni wazo zuri. Hilo la nne limenipandisha presha, kwa hiyo mengine yatasubiri.

Stashahada ya famasi ni miaka mitatu, NTA level 4 mpaka 6 (ngazi za tuzo za taifa za ufundi). Mimi nimesoma minne. Huo wa ziada niliununua kwa hela yangu mwenyewe, na ulianza kwa wazo kama hilo hilo lako.

Mama mmoja jirani yetu Mbagala alikuwa na duka la dawa muhimu. Aliposikia nimepangiwa famasi alikuja nyumbani jioni ile ile. "Mwanangu, darasani ni cheti tu, famasi yenyewe iko kaunta. Njoo kwangu saa kumi mpaka saa nne usiku, nakupa elfu themanini kwa mwezi, wenzako watakukuta mbali." Mama yangu akapiga vigelegele. Vigelegele, jamani.

Wiki ya pili bei zote ziko kichwani. Mtu akitaka "rangi mbili za buku", zile kapsuli za antibiotiki, nahesabu, naziweka kwenye kibahasha, naandika 1x3, kwaheri. Nusu dozi, tena hata hiyo nusu haikufika. Mtoto anakohoa? Chupa ya dawa ya maji, kijiko kimoja kutwa mara tatu. Wa mwaka mmoja kijiko kimoja, wa miaka saba kijiko kimoja. Kwa yule mama, watoto wote wa Mbagala walikuwa na kilo sawa. Wateja waliniita dokta na mimi nikawa naitika. Msinicheke.

Chuoni nako asubuhi nasinzia. Mahesabu ya dozi yalifundishwa kipindi cha kwanza, nikasema haya nayajua, nayafanya kila siku.

Mtihani wa vitendo ukafika, ule wa vituo, kengele ikilia unahama. Kituo cha tatu kuna cheti cha daktari: mtoto, amoksilini miligramu 250 kutwa mara tatu kwa siku 5. Mezani kuna chupa za mililita 100, zimeandikwa miligramu 125 kwenye kila mililita 5. Mpe mama wa mtoto, muelekeze. Nikatabasamu. Hii si ndiyo kazi yangu? Nikachukua chupa moja, nikatia maji mpaka alama, nikatikisa vizuri kabisa (kutikisa nilipata alama), nikaandika kijiko kimoja mara tatu. Dakika mbili tu nimemaliza, nikakaa nawasubiri wenzangu.

Piga hesabu mwenyewe. Miligramu 250 kwa dawa ile ni mililita 10, yaani vijiko viwili. Mara tatu kwa siku ni mililita 30, siku 5 ni 150, kwa hiyo chupa mbili. Mimi nilimpa mtoto nusu ya dawa, na kwa uso wa kujiamini. Chuoni kwetu ukikosea dozi, kituo kizima ni sifuri. Kituo cha mseto, dawa ya malaria, nacho nikasema "nne asubuhi, nne jioni", kama dukani. Dozi ya pili ya mseto ni masaa 8 baada ya ya kwanza, siku ya pili na ya tatu ndipo unahamia kila masaa 12. Sifuri nyingine. Wenzangu ambao hawajawahi kushika kaunta maishani mwao wakapita, kwa sababu wao walichukua kalamu wakakokotoa. Hawakuwa na "uzoefu".

Nikapewa sapu, nirudie mtihani niliofeli. Wiki ya sapu yule mama akasafiri msibani, akaniachia duka siku nzima. Nikamwambia nina mtihani, akajibu, "Sapu si mtihani mwanangu, ni kurudia tu." Kweli, nikarudia. Mwaka mzima.

Na bado. Kutoa dawa kunataka uwe umetambuliwa na Baraza la Famasi, sheria ipo tangu 2011, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajawa kitu chochote. Mimi sikujua, yeye alijua. Siku wakaguzi walipoingia, akawaambia huyu ni mteja. Mteja niko nyuma ya kaunta, nimevaa ndala, nakula ugali dagaa. Duka likafungwa, mshahara wangu wa saba sikuuona mpaka leo. Akinipita njiani ananiuliza masomo yanaendaje!

Hesabu nyingine hii, maana sasa hivi hesabu naziweza: miezi sita kwa elfu themanini ni 480,000. Ada ya kurudia mwaka ilikuwa 1,400,000, bado chumba na chakula. Hiyo ndiyo nauli niliyoitafuta.

Usiniambie shemeji yako ni mtu mzuri. Jirani yangu naye alikuwa mzuri, alikuja na soda. Tatizo la kaunta ni kwamba mkono unazoea kabla kichwa hakijajua, na kuutoa huo mkono ni kazi kuliko kuanza upya. Mwaka wa kwanza usikae kaunta. Hata kama umechaguliwa kwa D za kemia na baiolojia, usikae kaunta. Ukiishiwa nauli, uza karanga, fundisha watoto tuisheni, usikae kaunta. Kaunta utaikuta kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini, nyuma yako kasimama mfamasia anayekuuliza kila chupa umeipataje hiyo mililita. Kule ndiko nilikojifunza kwamba mtoto anapimwa uzito kwanza.

Kemia inasomeka, usiogope.

Mpigie shemeji leo, kabla hajakushonea koti jeupe. Mimi nilishonewa, jina la duka mgongoni kwa uzi wa kijani, na ndilo nililovaa siku ya kwanza ya maabara.