Saa haipandi zaidi ya 98: je, moyo umechoka?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni fundi seremala, umri wangu miaka 54. Wiki tano zilizopita nilipata mshtuko wa moyo, nikawahishwa hospitali na kuwekewa stenti moja (kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa uliozibuliwa) kupitia mkononi. Niliruhusiwa siku ya nne. Cheti kimeandikwa kwamba moyo unasukuma asilimia 48. Natumia bisoprololi, aspirini, klopidogreli na atovastatini. Kila asubuhi natembea dakika kumi, ila saa ya mkononi haivuki mapigo 98 hata nikikaza mwendo, na nimesoma kwamba mtu wa umri wangu akifanya mazoezi anatakiwa afike 130 au 140. Je, moyo umechoka? Hiyo 48 ina maana nusu ya moyo imekufa? Mgongo nao unaniuma kwa kulala sana, je, ninaweza kunywa diklofenaki? Watoto hawaniachii hata ndoo ya maji. Nitarudi lini kwenye benchi langu? Na kuna la faragha kati yangu na mke wangu. Tunaogopa wote wawili.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na uliokuwa nao siku ile wapewe shukrani zao, maana kuwahi kwako ndiko kulikookoa misuli mingi ya moyo wako.

Nianze na saa, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi. Hesabu uliyosoma ni ile ya 220 kutoa umri, kisha unachukua sehemu yake. Kwako inaleta 166, na 130 au 140 ni kama asilimia 80 ya hapo. Hesabu hiyo ni ya mtu asiyetumia dawa kama yako. Ukianza kutembea, mwili humwaga adrenalini, na adrenalini huuamuru moyo uongeze mwendo. Bisoprololi imeukalia mlango ambao amri hiyo hupitia. Amri inagonga, inayoingia ni kidogo. Kwa hiyo 98 yako ni dawa inayofanya kazi yake: moyo unapiga taratibu, unahitaji oksijeni kidogo, na kovu changa lililoachwa na mshtuko linapata nafasi ya kukomaa. Ukijilazimisha kufika 140 utakuwa unashindana na dawa yako mwenyewe, na katika kushindana huko ndimo mtu anapoumia.

Kliniki nawaona wengi wakitembea hivi: vidole vya mkono mmoja vinapapasa ukuta, mkono mwingine uko kifuani, na kila baada ya hatua chache wanasimama kutazama saa. Nawaomba wavue saa, waiweke mfukoni, watembee huku wakihesabu kwa sauti moja hadi kumi. Nawe fanya hivyo. Ukimaliza kumi kwa pumzi moja bila shida yoyote, hata kuimba ungeweza, mwendo bado ni mdogo, unaweza kuongeza. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo ndipo pako. Ukikatika kwenye nne au tano ili uvute hewa, umezidisha, punguza. Mswidi Gunnar Borg alitengeneza kipimo cha kujikadiria uzito wa kazi, kinachoanzia 6 na kuishia 20. Wagonjwa wa moyo kwa kawaida tunawaweka kati ya 11 na 13, yaani kutoka kazi nyepesi hadi ile unayoiona nzito kiasi lakini unaweza kuendelea nayo. Dawa inaweza kuificha namba ya mapigo, ila pumzi yako haiifichi.

Sasa hiyo 48. Swali hili huulizwa kwa hofu kubwa kuliko yote, na kosa ni letu tunaoandika namba kwenye cheti bila kumkalisha mtu chini. Chumba cha chini kushoto cha moyo kikijaa damu, tuseme mililita 120, hakikamuliki chote. Hakuna binadamu, hata mwanariadha, anayesukuma asilimia 100. Moyo wenye afya husukuma kati ya asilimia 55 na 70, damu nyingine hubaki ndani kusubiri mpigo unaofuata. Katika mfano huu, mwenye 60 anatoa mililita 72 kila pigo, wewe unatoa kama 58. Basi 48 yako ilinganishe na 55, usiilinganishe na 100. Imeshuka kidogo. Nusu ya moyo haijafa.

Tena ipo habari njema ambayo huenda hukuambiwa. Mshipa unapoziba, misuli iliyo mbele yake haifi yote kwa pamoja. Ipo inayokufa, na ipo inayozimia tu. Iliyozimia ina uhai lakini haijikunji kwa siku au hata wiki kadhaa baada ya damu kurudi. Kipimo chako cha ultrasaundi ya moyo kilifanyika ndani ya siku nne, wakati iliyokufa na iliyozimia zote zilikuwa kimya. Omba kirudiwe kati ya wiki ya 6 na ya 12. Namba ya siku ile ndiyo ya kupangia maisha, na mara nyingi huwa juu ya ile ya kwanza.

Ile iliyokufa mwili unaibadilisha kuwa kovu, kazi inayochukua wiki sita hadi nane hivi. Zamani hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya madaktari wawalaze wagonjwa kitandani wiki nyingi, hata kulishwa na kugeuzwa na wauguzi. Damu iliganda miguuni, misuli ikanyauka, watu wakavunjika moyo kwa maana zote mbili. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, madaktari wa Boston, walieleza walivyowakalisha wagonjwa wao kwenye kiti mapema badala ya kuwalaza, na wagonjwa wakaendelea vizuri. Miaka mitatu baadaye Rais Eisenhower wa Marekani alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 64. Daktari wake, Paul Dudley White, alimhimiza arudi kazini hatua kwa hatua, na mwaka 1956 akagombea tena akashinda. Nakutajia haya kwa sababu watoto wako, kwa mapenzi yao, wanakurudisha kwenye dawa tuliyoiacha zamani.

Dakika kumi kwa siku kwa wiki ya tano ni kidogo kwako. Kama huna maumivu ya kifua wala kizunguzungu, ongeza dakika tano kila baada ya siku tatu nne hadi ufike 30, siku tano za wiki. Hizo ni dakika 150, na ndizo tunazozitafuta. Dakika tano za mwanzo nenda polepole, na tano za mwisho vilevile. Usikatishe mwendo ghafla: dawa zako zimeshusha presha, na damu ikituama miguuni utaona giza. Kama hospitali yako ina programu ya mazoezi ya wagonjwa wa moyo, jiandikishe hata kama ni mbali. Wanaohudhuria hulazwa tena mara chache na hufa kwa moyo mara chache kuliko wanaobaki nyumbani, na sijui kidonge gani ningekupa badala yake.

Useremala una jambo lake. Kazi ya mikono hupandisha presha na mapigo kuliko kazi ya miguu ya uzito uleule. Anayetembea kilomita mbili bila taabu anaweza kuhema kwa kupiga randa dakika tano. Na mafundi mna tabia ambayo hamuioni: ubao ukiwa mgumu mnabana meno, mnabana na pumzi, kisha mnasukuma. Pumzi ikibanwa namna hiyo presha hupaa kwa sekunde chache, halafu huporomoka ukiiachia. Jifunze upya: vuta hewa randa ikirudi, toa hewa randa ikienda. Anza nyumbani na kipande cha mbao laini, bila haraka ya mteja.

Mtu wa kazi ya mezani angekuwa amesharudi, maana wengi hurudi kati ya wiki ya pili na ya nne. Wewe nakuweka kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kabla ya hapo omba kipimo cha moyo ukiwa kwenye mashine ya kutembea au baiskeli, kikionyesha moyo wako unabeba kazi kiasi gani bila dalili. Rudi kwa nusu siku: kupima, kuchora, kupiga msasa, kuunganisha. Magogo na mbao ndefu wabebe vijana hadi kipimo kiseme vinginevyo.

Diklofenaki hapana. Wala ibuprofeni. Dawa za jamii hiyo zinaongeza hatari ya mshtuko mwingine, na zikichanganyika na aspirini na klopidogreli, ambazo huzuia damu kuganda, zinaweza kukutoa damu tumboni. Mgongo upe parasetamoli na kutembea. Na klopidogreli usiiache hata siku moja kwa sababu eti unajisikia mzima, au daktari wa meno amekuambia. Kwa kawaida hutumiwa kwa mwaka mmoja baada ya stenti, na anayeisimamisha ni daktari wa moyo peke yake. Ikiachwa mapema, damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe. Kama unavuta sigara, iliyopita iwe ya mwisho. Kuacha hupunguza hatari ya kufa kwa karibu theluthi, na dawa chache zinafika hapo.

La faragha usilionee haya, karibu kila mtu huliuliza akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Tendo la ndoa huusumbua moyo kiasi cha kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida. Zipande ukiwa na mkeo. Mkifika juu bila maumivu ya kifua na bila kuhema kupita kiasi, mko salama. Onyo ni moja: ukipewa nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, usiichanganye kamwe na sildenafili au dawa nyingine za nguvu za kiume. Zikikutana presha inaweza kuanguka hadi kuua. Kama umetumia ya aina hiyo na kifua kikaanza kuuma, waambie wanaokuhudumia, hata mbele ya watu.

Mtu mmoja kati ya watano hivi hupata sonona baada ya mshtuko wa moyo. Ukijiona unalia bila sababu, huna hamu na chochote, unaamka alfajiri ukisubiri kufa, na hali hiyo ikapita wiki mbili, mwambie daktari kama ungemwambia maumivu ya kifua. Inatibika, na isipotibiwa moyo nao unadhurika.

Maumivu yenyewe utayatofautisha hivi. Kichomo cha sekunde chache unachoweza kukionyesha kwa ncha ya kidole, na kinachobadilika ukijigeuza au ukipabonyeza, mara nyingi ni misuli ya kifua. Uzito kama umekaliwa kifuani, unaopanda shingoni, tayani au mkononi, unaokuja na jasho la baridi, huo ni wa moyo. Acha kazi, kaa chini, weka nitrogliserini kama unayo. Dakika tano zikipita haujaisha, piga simu ya dharura, usiendeshe gari mwenyewe. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu huku miguu ikivimba, nenda kliniki siku hiyohiyo.

Na ile ndoo. Leo jaza lita tano tu katika ile ya lita 20. Simama karibu nayo, kunja magoti, anza kutoa pumzi kabla haijainuka ardhini, na uhesabu moja hadi kumi ukitembea nayo. Watoto wawepo wakusikie ukihesabu. Baada ya wiki mbili, kama sauti haikatiki, jaza nusu. Ya kujaa isubiri kipimo cha mashine.