Charcot wa kwenye cheti cha shangazi

Mwanangu,

Umeuliza kama "mguu wa Charcot" ulioandikwa kwenye cheti cha shangazi yako unahusiana na yule Charcot wa Antaktika. Unahusiana: ni baba na mwana. Baba, Jean-Martin, daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, mwaka 1868 alieleza jinsi viungo vinavyobomoka kwa wagonjwa ambao kaswende imekwisha kuwaharibu mishipa hiyo. Mwana, Jean-Baptiste, alisomea udaktari pia, kisha akavutwa na safari za bahari. Mwaka 1910 alikiona kisiwa huko Antaktika akakipa jina la baba yake. Alizama na meli yake, Pourquoi-Pas?, pwani ya Iceland mwaka 1936.

La shangazi ndilo la haraka. Mguu wa Charcot ni huo ubomokaji wa viungo ukitokea mguuni, na siku hizi chanzo chake kikubwa ni kisukari. Nyayo zikishakufa ganzi, mfupa ukipata ufa mtu hasikii. Anaendelea kukanyaga, mfupa unalainika na kusagika. Ndiyo maana mguu umevimba na una moto, naye anakwambia hauumi sana. Wengi hutibiwa jongo au maambukizi bure. Mlaze, mguu uinuliwe juu ya mito dakika 10: wekundu wa Charcot aghalabu hufifia, wa maambukizi hubaki. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha, basi amini zaidi joto la mkono wako. Akiwa na kidonda au homa, hospitali siku hiyohiyo. Na eksirei ya mwanzoni ikitoka safi, msishangilie.

Tiba ni plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, ya kuukumbata mguu kuanzia unyayoni hadi chini ya goti, na kutoukanyagia. Hubadilishwa kila wiki 1 au 2, kwani uvimbe ukishuka plasta hulegea na kuchubua, naye hatausikia mchubuko. Kila mara wapime joto la miguu yote miwili, mahali palepale. Mguu mgonjwa ukizidi mwenzake kwa 2°C, bado haujapona. Huchukua miezi 3 hadi 6, wengine mwaka.

Mambo huharibika mwezi wa pili: uvimbe umepungua, kuna harusi, plasta inavuliwa. Upinde wa unyayo ukianguka, mguu hubinuka kama tako la mtumbwi na kidonda hutoboka katikati.

Mguu wa pili, usio mgonjwa, nao unabeba mzigo wa miwili. Mkague unyayo huo kila jioni, na magongo apewe kabla hajatoka kliniki.

Baba yako