Skrini Zote Zikiondoka: Kwa Wanaoanza Kuunda Kipangaji cha Madirisha

Wadogo zangu, juma hili nimepitia marekebisho yenu matatu ya kipangaji chetu cha madirisha, yaani programu inayoweka madirisha mahali pake kwenye skrini, na katika yote nimekuta mstari uleule unaochukua skrini ya kwanza kwenye orodha bila kuuliza kama orodha hiyo ina kitu. Mstari huo niliwahi kuuandika mimi mwenyewe, hapa hapa Kisumu, na ninawaandikia kabla haujamfikia mtumiaji.

1. Msiitambue monita kwa jina la tundu lake. Someni EDID, yaani maelezo ambayo monita yenyewe huyatuma kwa kompyuta, mpate mtengenezaji, modeli na namba ya utambulisho. Monita mbili zikibeba namba ileile, hapo ndipo jina la tundu lizitenganishe.

2. Hesabuni skrini kuanzia sifuri, maana huenda isiwepo hata moja. Nilikuwa nimemsakinishia programu yetu mama mmoja anayetunza hesabu za chama cha akiba huko Kondele. Alikuwa na monita mbili zilizounganishwa kwa nyaya za DisplayPort, na kipakatalishi chake alikifunga kifuniko na kukiweka kando ya meza. Asubuhi moja stima ilipotea. Kipakatalishi kiliendelea kwa betri, lakini monita zilipozimika, ishara ya kuunganishwa ilikatika katika nyaya zote mbili, na kwa kuwa kifuniko kilikuwa kimefungwa, skrini ya ndani nayo ilikuwa imezimwa. Msimbo wangu uliendelea kutafuta mahali pa kuhamishia madirisha, ukachukua skrini ya kwanza katika orodha tupu, ukaanguka.

Linux ina mifumo miwili ya kuonyesha madirisha, X11 na Wayland, na katika kila mmoja programu huunganishwa na seva inayozionyesha kwenye skrini. Kwenye X11, kipangaji kikianguka, madirisha hubaki kwa kuwa yameunganishwa na seva nyingine. Kwenye Wayland seva ni sisi wenyewe: tulipoanguka, kila programu ilipoteza soketi yake, yaani njia yake ya kuwasiliana na seva, ikafa, na hesabu za asubuhi nzima ambazo mama yule hakuwa amezihifadhi zikaenda nazo. Linaloniumiza zaidi ni kwamba nililaumu stima. Nilimshauri anunue betri ya akiba, naye akaitika kwa upole, akaanza upya. Ilichukua majuma mawili na kukatika kwa stima mara nyingine kabla sijaisoma kumbukumbu ya hitilafu na kuona jina la kitendakazi nilichokiandika. Nilirudi Kondele nikamwomba msamaha, kwa kuwa alistahili kuusikia ana kwa ana.

Tiba yenyewe inajulikana: Sway, kipangaji kingine cha Wayland, huwa na skrini ya akiba isiyoonekana, ambayo hupokea maeneo ya kazi pale skrini zote zinapoondoka. Tulifanya vivyo hivyo, na kila eneo la kazi likaanza kukumbuka monita lilikotoka, ili stima ikirudi jedwali lililokuwa kushoto lirudi kushoto, kwa ukubwa wake uleule.

3. Vipimo vya sehemu, yaani ukuzaji wa picha usio wa namba kamili, katika itifaki ya Wayland huhesabiwa kwa 120: 120 ni mara moja, 180 ni mara moja na nusu. Kukadiria hadi namba kamili ya pikseli kufanywe mara moja tu, mwishoni.

4. Kabla ya kuleta marekebisho, fungeni kifuniko, anzeni kuburuta dirisha kutoka monita moja kwenda nyingine, kisha zimeni swichi ya ukutani kabla ya kuliachilia. Jaribio la kuchomoa waya mmoja kwa utaratibu halitoshi.

Marekebisho yote matatu nimeyarudisha kwenu, na nitakaa na yeyote atakayehitaji msaada wa kuiunda skrini hiyo ya akiba.